Kubadili programu ya injini ya dizeli ukiwa Mwanza
Pima gari kwanza. Soma kodi za hitilafu (namba za makosa) kwenye kompyuta ya injini, badilisha filta ya hewa na ya dizeli, kagua mipira ya hewa ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na ya intakula (kipoza hewa hiyo). Mpira ukiwa na ufa, mafuta yatazidi hewa na moshi utakuwa mweusi.

Nakili faili la awali la programu kutoka kompyuta ya injini, lihifadhi mahali pawili. Wakati wa kuandika jipya unganisha chaja kwenye betri ya gari, volti zisishuke chini ya 13. Betri nayo iwe imejaa, maana umeme wa ukutani hukatika. Uandishi ukikatizwa, kompyuta ya injini inaweza kufa.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, tabo huzunguka kasi zaidi kufikia mgandamizo uleule, hivyo faili lililopangwa kwa hewa ya Dar es Salaam litaichosha. Jaribu mlimani: mizunguko ya injini ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza.