SOMO: Faili linafunguka Linux, likifika Windows linagoma

Assalaam aleikum jamaa. Naandika hili mara moja ili nisiulizwe tena. Tangu Jumatatu nimeletewa hapa Langoni, Lamu, laptopu tatu zenye ugonjwa mmoja: programu ya Python iliyokuwa ikisoma na kuandika faili salama kwenye Linux, ikihamishiwa Windows inatapika makosa. Mashine si mbovu. Kila mfumo una desturi yake ya faili, na usipoiambia programu unataka ipi, inafuata ya pale ilipo.

Hatua ya 1. Njia ya faili andika kwa mkwaju huu: / . Python ikiwa Windows inauelewa pia.

Hatua ya 2. Jina la faili liwe la herufi ndogo, bila nafasi, bila nukta mbili (:). Kwa Linux, Utenzi.txt na utenzi.txt ni faili mbili. Kwa Windows ni moja, ukiandika la pili umelifuta la kwanza.

Hatua ya 3. Picha, sauti, PDF: kwenye open(), soma kwa "rb", andika kwa "wb", yaani baiti kama zilivyo, si maandishi.

Hatua ya 4. Hapa keti kitako.

Mzee mmoja wa Mkomani alinipa utenzi wake nimchapie, kwa hati ya Kiarabu na irabu zake zote. Nikauchapa kwenye Linux yangu, ukatulia. Mwanawe anatumia Windows, basi nikaenda kwake na kijiprogramu changu cha kuondoa nafasi zilizojirudia. Kikagoma: haiwezi kusoma baiti 0x8f. Nikatafuta dawa ya haraka, nikaongeza errors="ignore". Kosa likanyamaza nami nikafurahi. Tena nikaandika juu ya faili lilelile.

Mzee alipofungua, kila fe imetoweka, na kasra (i) zote, na dhuma (u) zote. Fatha (a) zimebaki. Utenzi mzima umekuwa a, a, a.

Sababu ni hii. Linux na Mac husoma maandishi kwa UTF-8, mpangilio wa kugeuza herufi kuwa baiti, ambamo kila herufi ya Kiarabu hushika baiti mbili. Python kwenye Windows zetu hizi, usipoiambia kitu, hutumia jedwali la zamani liitwalo cp1252, la baiti moja kwa herufi. Jedwali hilo lina nafasi tano tupu, kwa namba za hex: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Baiti ya pili ya fe ni 81, ya dhuma 8F, ya kasra 90. Nilipoiamuru ipuuze isichokijua, ikazitupa. Nilichapa upya usiku tatu, na pesa ya mzee nikaona haya kuichukua.

Kwa hiyo: encoding="utf-8" kila unapofungua faili la maandishi, kusoma NA kuandika. errors="ignore" usiiguse kama huna nakala. Na usiandike juu ya faili unalolisoma. Andika jipya, likague, ndipo ubadilishe kwa os.replace. Kumbuka "w" (ya kuandika) hulimwaga faili papo hapo linapofunguliwa, kabla hujaandika hata nukta.

Hatua ya 5. Mwisho wa mstari. Windows huweka baiti mbili, 13 na 10 (hizi ni namba za kawaida, si hex). Linux na Mac ya leo huweka 10 peke yake. Ni urithi wa teleprinta: amri moja ya kurudisha kichwa mwanzo, nyingine ya kupandisha karatasi. Faili likienda Linux, andika kwa newline="\n".

Hatua ya 6. Fungua kwa with ili lijifunge lenyewe.

MASWALI

Kijana wa Wiyoni: Kaka nimefanya yote haifanyi kazi.

Mwandishi: "Haifanyi kazi" ndiyo nini? Nakili ujumbe wa kosa hapa.

Kijana wa Wiyoni: Inasema bad interpreter, halafu mwisho kuna ^M.

Mwandishi: Hiyo ^M ndiyo baiti 13. Uliliandika kwenye Windows. Hatua ya 5, ambayo hukuisoma.

Binti Shela: Mwalimu, mimi siandiki Kiarabu. Mbona ng'ombe wangu amekuwa ngâ€™ombe?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Herufi a hadi z zina baiti ileile kwa UTF-8 na kwa cp1252, ndiyo maana Kiswahili cha kawaida hupita bila kelele na watu hudhani hawana tatizo. Lakini Word hukupindia kile kikato cha ng'. Kilichopinda kina baiti tatu, na cp1252 inazisoma kama herufi tatu mbalimbali. Faili lako ni zima, linasomwa vibaya tu. Usilihifadhi hivyo, lifungue upya kwa utf-8.

Mwanamashua: Daftari langu la abiria natoa CSV (jedwali la maandishi matupu), nikifungua Excel kila mstari unafuatwa na mstari mtupu.

Mwandishi: Moduli ya csv huweka 13 na 10 yenyewe, halafu Windows inaongeza 13 nyingine. Weka newline="" basi.

Ami wa Gadeni: Errors ignore mimi natumia mwaka wa pili, sijapoteza kitu.

Mwandishi: Umejuaje, ami? Kazi yake ni kutokukwambia.

Binti Shela: Na nukta mbili kwenye jina zina ubaya gani?

Mwandishi: Jaribu ukiwa Windows, kwenye diski ya NTFS (mpangilio wake wa kawaida wa diski): andika faili liitwalo kikao:saa4.txt. Utaona "kikao" la baiti 0. Maandishi yapo, yamefichwa kwenye mkondo wa pembeni wa faili hilo. Ukilinakili kwenye flashi ya FAT32 (mpangilio wa zamani), mkondo unabaki nyuma.

Mwanamashua: Tukiwa kwenye flashi, video yangu ya Maulidi ya GB 6 inakataa kuingia na nafasi ipo.

Mwandishi: FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati exFAT. Na ukiwa Linux andika sync, usubiri irudi, ndipo uchomoe. Mstari wa kunakili hufika mwisho wakati data bado iko kwenye memori. Kuna mtu alichomoa akiwa na haraka ya boti ya Mokowe, akafika Malindi na faili tupu.

Ami wa Gadeni: Mtu huyo ni mimi.