Ziwa haliamki: jinsi ya kutumia kitenzi "rise" bila kuchekwa

Mwaka 2020, wakati maji yamekwishaingia mpaka kwenye vibanda vya kukaangia samaki, niliitwa kwenye mkutano mdogo ufukweni mwa Ziwa Victoria, jirani na Kirumba, Mwanza. Kulikuwa na Mzungu mmoja, mkazi wa hapahapa mjini, aliyetaka kuzungumza na wavuvi, nami ndiye niliyepewa kazi ya kutafsiri. Akafungua na sentensi fupi: "The lake is rising." Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mtu anayejua kazi yake, nikasema, "Anasema ziwa linaamka."

Kimya. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia mtumbwi uliopinduliwa akanitazama. "Mwalimu," akasema, "kwani lilikuwa limelala?"

Walicheka mpaka mkutano ukachelewa kuanza. Mwezi mzima nikipita mwaloni kuna kijana ananipigia kelele kuuliza kama ziwa limeshapiga mswaki.

Kosa lile lilitoka mbali. Shuleni tuliandikiwa ubaoni neno la Kiingereza upande wa kushoto, la Kiswahili upande wa kulia, tukaimba: rise, amka, rise, inuka. Sasa ninafundisha Kiingereza mwenyewe, jioni, kwenye chumba nyuma ya duka la nyavu. Wanafunzi wangu ni wauza dagaa, wapokeaji wageni wa nyumba za kulala na madereva wawili wa boda. Siku ya kwanza ya kitenzi hiki ninawakataza kuniuliza "rise maana yake nini?" Swali ninalolitaka ni hili: ni nani, au ni kitu gani, kinacho-rise? Ukishamjua mtendaji, Kiswahili chako kitakuletea neno chenyewe.

Jua huchomoza. Mwezi nao huchomoza, ila usichanganye na mwezi kuandama, maana kuandama ni ule mwezi mwembamba wa mwanzo kuonekana, na Kiingereza hakitumii "rise" hapo. Wavuvi wa dagaa hawanisumbui katika hili, kwa kuwa maisha yao yanaendeshwa na mwezi: ukiwa mkubwa taa haina nguvu na watu wanapumzika nyumbani, giza likirudi wanaingia ziwani. Na dagaa wakiifuata taa kutoka chini mpaka juu ya maji, Mwingereza atasema "the fish are rising". Sisi tunasema wanaibuka. Moshi unapaa. Homa inapanda, bei inapanda. Mtu kitini anasimama, kitandani anaamka, ingawa siku hizi Mwingereza wa kawaida akiamka atasema "get up", na "rise" ya kitandani ina harufu ya vitabu vya zamani. Maiti hufufuka; wanaoimba kwaya wanaijua "He is risen" ya Pasaka tangu utotoni bila kujua kwamba ni kitenzi hikihiki. Wananchi dhidi ya mtawala, wanaasi.

Unga unaumuka, na hapo ninataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa.

Kuna mama darasani kwangu anauza maandazi. Jioni moja alikuja na beseni lake, maana alikuwa ameshakanda na hakutaka kuuacha unga nyumbani na watoto. Akaliweka kwenye kona, akalifunika kwa kitambaa. Tukaanza somo. Baada ya kama saa nzima kitambaa kilikuwa kimenyanyuka katikati kama kilima. Nikamwuliza, "Mama, unga umefanya nini?" Akajibu, "Umeumuka." "Nani kauumua?" "Hamira." Nikaacha chaki mkononi. Umuka, umua. Kiswahili kilikuwa na jibu la swali linalowatesa wanafunzi wa Kiingereza kila siku: lini useme "rise" na lini useme "raise".

Tazama. Inuka na inua. Ibuka na ibua. Fufuka na fufua. Panda na pandisha. Neno la kwanza, kitu kinajifanyia chenyewe au kinatokea tu. Hiyo ni "rise". Neno la pili, kuna anayekifanyia kitu kingine. Hiyo ni "raise". Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, sema sentensi yako kwa Kiswahili kimoyomoyo. Umesikia "inuka"? Weka "rise". Umesikia "inua"? Weka "raise", na usisahau kutaja kinachoinuliwa, kwa sababu "I raise" peke yake inaning'inia kama "mimi nainua" isiyo na mzigo. Mkono wako darasani unau-raise. Mkono hauji-rise, labda uwe na pepo.

"Raise" ina watoto wake wengi, nawapitia haraka. Kulea mtoto ni "raise". Kufuga kuku ni "raise" pia, na Mama Maandazi aliona huo ni utovu wa adabu, mtoto na kuku kupewa kitenzi kimoja. Kuchangisha fedha za harusi, "raise money". Kuibua hoja mkutanini, "raise an issue". Nyongeza ya mshahara Uingereza wanaiita "a rise", Marekani "a raise". Ukiipata, usibishane jina.

Mambo ya wakati uliopita: leo "rise", jana "rose", na baada ya "has" au "have" ni "risen". Hakuna "rised". Nimeiona "rised" hata kwenye tangazo la kodi ya fremu, imechapishwa kwa rangi nyekundu.

Sasa vijineno viwili vinavyoweza kukuharibia hesabu: "by" na "to". Hapa ziwa letu ni mfano mzuri kuliko kitabu. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Hiyo ni "rose by": kiasi kilichoongezeka. Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kule maji yanakotokea kuingia Nile, kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja hivi. Hiyo ni "rose to": mahali kilipofikia. Mtu akichanganya hivyo viwili atakuambia ziwa liliongezeka mita 13, na kwa hesabu hiyo Mwanza ya mjini yote tungekuwa tunaivua. Vivyo hivyo sokoni. Ndoo ya dagaa iliyopanda "by" elfu tano na iliyopanda "to" elfu tano si ndoo moja, na mteja wa kigeni atakulipa kwa ile aliyoisikia.

Kuna maana moja inayowashangaza wengi. Mto nao una-rise, na haimaanishi umefurika. Maana yake ni mahali unapoanzia. Mara inaanzia kwenye misitu ya Mau, Kenya. Kagera inakusanya maji ya nyanda za juu za Burundi na Rwanda. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwenye ncha hii ya kusini mwa ziwa Agosti 1858, swali lililokuwa likimsumbua lilikuwa la "rise" ya aina hiyo: Nile inaanzia wapi, yaani "Where does the Nile rise?" Mwanafunzi wangu mmoja wa boda alisoma sentensi hiyo akaelewa kwamba Mzungu alitembea kote huko kuuliza mafuriko yako wapi.

Imebaki sauti, nami hapa nasema na Wasukuma wenzangu bila kuficha. Kisukuma hakina shida na "l". "R" ndiyo mgeni. Mtu akisema "the sun lises", Mwingereza anasikia "lies", yaani jua linalala, au baya zaidi, jua linasema uongo. Tena mwisho wa "rise" kuna "z" kama ya "maziwa". Ukiweka "s" utapata mchele, "rice", na ukiweka "s" na "l" pamoja utapata chawa, "lice". Muuza mchele wangu alimwambia mteja wa kigeni kwamba anauza chawa wa Magugu, kilo kwa kilo. Dawa yake: sema "barabara" mara tano, ulimi uwe bado unatetemeka, ndipo uunganishe "rise".

Zoezi la mwisho ninalowapa ni sentensi mbili. "Kodi imepanda." "Mwenye nyumba amepandisha kodi." Ya kwanza wanaandika "The rent has risen", ya pili "The landlord has raised the rent". Kisha ninawauliza ni ipi mwenye nyumba angeiandika kwenye barua yake. Mpaka leo hawajawahi kukosea.