Namna ya Kuzikabili Riwaya Ndefu za Kirusi

Wengi wanaoazimia kusoma riwaya kubwa za Kirusi za karne ya 19 huanza kwa pupa, wakamaliza kurasa mia moja katika siku chache, kisha kitabu kikawashinda. Wanasahau kwamba kazi hizi hazikuandikwa ili zisomwe kwa mkupuo mmoja. Uhalifu na Adhabu ya Dostoevsky ilitolewa kwa mafungu katika jarida la Russkiy Vestnik mwaka 1866, na sehemu kubwa ya Anna Karenina ya Tolstoy ilitoka katika jarida hilohilo kati ya 1875 na 1877, hivyo wasomaji wa kwanza waliishi na wahusika wa riwaya hizo kwa muda mrefu, wakiwajadili huku wakisubiri fungu lijalo.

Kwa hiyo jipangie sura, wala si kurasa. Vita na Amani ya Tolstoy ina sura 361, nyingi zikiwa fupi, na anayesoma moja kila siku ataimaliza kabla mwaka haujatimia. Anna Karenina, yenye sura 239, itamchukua takribani miezi minane. Kipimo hiki hakimfai sana Dostoevsky, ambaye sura zake mara nyingi ni ndefu na mabishano yake hupamba moto kiasi kwamba kuyakatiza katikati ni kuyaua. Yeye mtengee jioni nzima mara mbili au tatu kwa wiki.

Usianze na kitabu kinene kuliko vyote kwa ajili ya sifa tu. Kifo cha Ivan Ilyich, kisa kifupi cha Tolstoy cha mwaka 1886, kitakuzoesha sauti yake kwa siku mbili tu. Baada yake chukua Uhalifu na Adhabu, kwa kuwa karibu mambo yote hutokea St. Petersburg na yanazunguka kosa la mtu mmoja. Ndugu Karamazov ya Dostoevsky ningeiweka mwisho, maana humdai msomaji subira nyingi kabla kisa chenyewe hakijashika kasi.

Kikwazo kinachowaangusha wengi zaidi ni majina. Mrusi ana jina lake, jina linalotokana na la baba, na jina la ukoo. Mwenye desturi ya bin na binti hatapata taabu kuelewa kwamba Romanovich ni mwana wa Roman na Romanovna ni binti yake. Taabu inakuja pale Rodion Romanovich Raskolnikov, mhusika mkuu wa Uhalifu na Adhabu, anapoitwa Rodya na mama yake, au Dmitri, mmoja wa ndugu Karamazov, anapogeuka Mitya katika ukurasa uleule. Andika orodha yako mwenyewe kwenye karatasi, hata kama kitabu kina yake, na mbele ya kila jina ongeza ni nani humwita hivyo, kwa sababu jina linalotumika hudokeza mapenzi, heshima au dharau.

Historia inayohitajika si nyingi. Kwa Vita na Amani, fahamu kwamba Napoleon aliyashinda majeshi ya Urusi na Austria huko Austerlitz mwaka 1805, akaivamia Urusi mwaka 1812. Kwa Anna Karenina, kumbuka kwamba wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana waliachwa huru mwaka 1861, la sivyo mahangaiko ya Levin, mmoja wa wahusika wakuu, kuhusu vibarua wa shamba lake yataonekana kama porojo.

Na kurasa zinazochosha? Sehemu ya pili ya hitimisho la Vita na Amani ni hoja tupu kuhusu historia, na anayeiahirisha hakosi chochote cha maisha ya wahusika. Lakini maelezo ya mapigano ya Borodino ya mwaka 1812 yasirukwe, hata na asiyependa habari za vita, kwani Pierre, mmoja wa wahusika wakuu, anayashuhudia kwa macho ya raia asiyeelewa kinachoendelea.

Ratiba ikivurugika kwa wiki kadhaa, usirudi mwanzo wa kitabu. Pitia orodha ya majina, soma tena sura mbili za mwisho ulizofikia, kisha endelea.