Unanunua nyumba Fairbanks? Kagua ardhi kwanza, jiko baadae

Hii ni ya wale mnaohamia Alaska, hasa Fairbanks, kikazi ama kusoma, halafu kodi ikiwachosha mnaanza kutafuta kanyumba ka kununua. Kabla hujasaini kitu, angalia chini. Sehemu kubwa ya huko ina pamafrosti, yaani udongo uliokaa chini ya nyuzi sifuri miaka 2 au zaidi mfululizo, mwingine maelfu ya miaka. Sasa Fairbanks pamafrosti haiko kila mahali, kiwanja chako kinaweza kuwa kizima na cha jirani kimejaa barafu, na iliyopo iko karibu sana na nyuzi sifuri kwahiyo joto likipanda kidogo tu inaanza kuyeyuka, ardhi inatitia na nyumba inalala. Na linapanda kweli, tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara 4 ya wastani wa dunia.

Anza na miti. Mteremko unaotazama kusini unapigwa jua, mara nyingi hauna shida, na ukiona miti mirefu yenye magome meupe moyo utulie kidogo. Mabondeni na miteremko ya kaskazini ndo pa kuogopa. Ukikuta miti ya sprusi nyeusi (jamii ya misonobari) imedumaa na chini kuna kuvumwani nene linalobonyea ukikanyaga, barafu iko karibu, na kama miti imeinama kila mmoja upande wake basi barafu imeshaanza kuondoka. Vidimbwi vinavyojitokeza uani hivi hivi, hiyo nayo dalili.

Ndani weka gololi sakafuni uone inakimbilia wapi. Fungua na funga kila mlango, tazama kona za madirisha kama kuna nyufa, na ukikuta ukuta mmoja tu umepigwa rangi mpya muulize dalali kwa nini, usione aibu.

Halafu kuna kipimo cha nondo. Mwishoni mwa Agosti au Septemba, tabaka la juu likiwa limeyeyuka mpaka mwisho wake, sukuma nondo nyembamba ardhini sehemu nyingi, ikigota kwenye kina kinachokaribiana kila mahali hilo sio jiwe, ni barafu. Ikizama yote usishangilie, maana pale msitu ulipofyekwa zamani barafu inaweza kuwa imeshuka chini zaidi. Hapo lipia watu wa kuchoronga, ni hela ndefu ila nyumba ni hela ndefu zaidi. Waulize hasa barafu ni KIASI GANI, wengi wanasahau hili. Changarawe kavu iliyoganda ikiyeyuka haisumbui sana, balaa ni ule udongo laini wenye mapande makubwa ya barafu ndani, ukiyeyuka ardhi inatitia. Pale Fox, nje kidogo ya mji, jeshi la Marekani lilichimba handaki miaka ya 1960 na barafu hizo zinaonekana ukutani kabisa.

Kama umeshanunua, kazi yako ni kuiacha ardhi ibaki na baridi, maana nyumba yenye hita juu ya pamafrosti ni sufuria ya moto juu ya siagi. Nyumba ya nguzo usiizibe chini, hata miguu ikiganda, ule upepo wa baridi unaopita ndo unaishikilia. Theluji usiirundike ukutani, inazuia baridi kuingia ardhini. Kuvumwani usilivue eti unataka bustani. Maji ya gata yapeleke mbali na bomba linalovuja ziba siku hiyo hiyo. Nguzo zenye jeki ni nzuri sana, unasawazisha nyumba ikianza kulala. Yapo pia mabomba yanayovuta joto kutoka ardhini wakati wa baridi bila umeme, bomba la mafuta la Trans-Alaska lililoanza kazi 1977 linayo kwenye nguzo zake nyingi, ila kwa nyumba binafsi gharama inauma.

Na bima isome mstari kwa mstari kabla ya kulipa, nyingi hazigusi kabisa hasara ya ardhi kutitia.