Kupima spektra ya nyutroni kwa matufe ya Bonner kwenye stoo ya kifaa cha barabara

Kifaa cha nyuklia cha kupimia unyevu wa kifusi cha barabara hubeba chanzo cha nyutroni cha Am-Be (ameriki na berili), kwa mfano cha GBq 1.85 (gigabekereli, kipimo cha nguvu ya mionzi). Kampuni ya Unguja au Pemba ikikihifadhi, mlinzi wa stoo anastahili kipimo cha kweli. Nyutroni ya MeV 1 (MeV na keV ni vipimo vya nishati) hutoa dozi karibu mara 40 ya nyutroni ya polepole (pikosieverti 416 dhidi ya 10.6 kwa kila nyutroni moja kwa cm²), hivyo idadi pekee haitoshi: lazima ujue spektra, yaani nyutroni ngapi zina nishati gani.

Hakikisha kibali cha TAEC (Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania) kinaruhusu kazi hii. Andaa matufe ya Bonner, yaani matufe ya polithini ya inchi 2 hadi 12 (polithini hupunguza kasi ya nyutroni, na kila ukubwa hunasa zaidi nyutroni za nishati fulani), kaunta ya gesi ya heli-3 ya kuweka katikati ya tufe, na jedwali la mwitikio la seti hiyohiyo, linaloonyesha kila tufe hunasa kiasi gani kwa kila nishati. Usiazime jedwali la seti nyingine. Densiti ya polithini au shinikizo la gesi ya kaunta likitofautiana, matokeo yanaharibika.

Heli-3 ikimeza nyutroni hutoa keV 764, ila sehemu ikipotelea kwenye ukuta wa kaunta, pigo hushuka hadi keV 191. Weka kizingiti (kiwango ambacho pigo dogo zaidi yake halihesabiwi) chini kidogo ya hapo, juu ya kelele za gama. Kikisogea katikati ya kazi, anza upya.

Masika na hewa ya chumvi ndiyo matata makubwa: viunganishi vya volteji kubwa huvuja umeme, kaunta ikahesabu nyutroni zisizokuwepo. Zima volteji, vifute kwa spiriti, vihifadhi pamoja na silika jeli. Kisha hesabu dakika 30 chanzo kikiwa mbali. Mapigo yakija kwa mafungu, bado kuna unyevu.

Kitovu cha kila tufe kikae palepale anapokaa mlinzi. Mita 1 kutoka chanzo kisicho na kinga, tarajia nyutroni 0.9 hivi kwa cm² kila sekunde. Kwa kaunta ya sm 3.2, tufe la inchi 8 hupata kama mapigo 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya saa nzima kufikisha 10,000 (kosa 1%). Kwa matufe madogo, 1,000 (3%) yatosha. Watu wakae mbali, maana mwili ni maji, nayo hupunguza kasi ya nyutroni na kuzitawanya. Kuta za mawe zilizolowa nazo hurudisha nyutroni nyingi zaidi za polepole, kwa hiyo rudia kipimo wakati wa kiangazi.

Mwisho, geuza mapigo kuwa spektra: matufe 10 pekee hayawezi kujaza visanduku 50 vya nishati (vipande ambavyo spektra imegawanywa). Programu kama MAXED au GRAVEL huhitaji spektra ya kukisia. Anza na ya Am-Be iliyo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8529, ukiiongezea mkia wa nyutroni za polepole, kisha jaribu kisio kingine. Dozi ikibaki ileile huku vilele vya spektra vikihama, iamini dozi, vilele uviache. Kwenye ripoti, taja kisio ulichotumia.