Namna ya kufuatilia ndege ya mabomu iliyotunguliwa juu ya makazi ya watu: mfano wa Victoria, London, 1940

Anza na siku, saa na mahali. Usianze na jina la shujaa. Wengi hushika kwanza hadithi ya rubani aliyesifiwa, kisha wanatafuta ndege ya kumfaa, na mwishowe ndege moja inahesabiwa mara tatu au nne.

Tarehe 15 Septemba 1940 Uingereza ilitangaza kwamba imetungua ndege 185 za Wajerumani. Kumbukumbu za hasara za Wajerumani wenyewe, zilizosomwa baada ya vita, zilionyesha kama 60 hivi. Marubani hawakudanganya. Ndege moja ya mabomu ilishambuliwa na watu kadhaa kwa zamu, kila mmoja akaona moshi, akaandika kuwa ni yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Dornier Do 17, ndege ya mabomu ya kikosi cha Kijerumani cha KG 76, iliyoangukia mbele ya stesheni ya Victoria mchana wa siku hiyo: ilikuwa imekwisha kupigwa na wengine kabla rubani Mwingereza Ray Holmes wa Skwadroni ya 504 hajaigonga kwa ndege yake ya kivita aina ya Hurricane, namba P2725.

Kabla ya kulinganisha taarifa, geuza saa zote ziwe za aina moja. Majira hayo Uingereza ilikuwa saa moja mbele ya GMT, Ujerumani saa mbili. Kwa hiyo 13.10 ya Mjerumani na 12.10 ya Mwingereza ni dakika ileile, yaani saa sita na dakika kumi mchana kwa hesabu yetu. Asiyefanya hivi hutenganisha tukio moja likawa mawili.

Sasa chukua ramani ya mtaa na utie alama kila kipande kilipookotwa. Hii ndiyo kazi kubwa, usiifanyie haraka. Ndege iliyokatika angani haianguki mahali pamoja: injini hushuka kwa kishindo na kuzama ardhini, mabati mepesi hupeperushwa na upepo. Kiwiliwili cha Dornier kilianguka Victoria, mkia ukaangukia paa la nyumba Vauxhall Bridge Road. Hurricane ilijichimbia Buckingham Palace Road, na injini yake ikafukuliwa chini ya barabara mwaka 2004. Tia alama pia miavuli ya waliojirusha ilipotua. Rubani wa Dornier, Robert Zehbe, alitua karibu na uwanja wa Oval, Kennington, ng'ambo ya mto Thames, upande ambao ndege ilikuwa imetoka. Alama hiyo moja inatikisa hadithi maarufu ya magazeti kwamba Holmes alimzuia mshambuliaji aliyelenga ikulu ya Buckingham: yaelekea ndege aliyoigonga ilikuwa imeshaachwa na rubani wake. Ujasiri wa Holmes haupungui kwa hilo.

Ukipata picha, soma herufi za ubavuni. Kwenye ndege za mabomu za Wajerumani, alama mbili za kushoto kwa msalaba ni kikosi. F1 ni KG 76. Herufi ya kwanza kulia ni ya ndege yenyewe, ya mwisho ni ya kikosi kidogo: H ni cha kwanza, K cha pili, L cha tatu. J haikutumiwa kwa kikosi kidogo, kwa hiyo ukiiona mwishoni au ukidhani umeiona, tazama upya.

Nyaraka za Waingereza ziko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. AIR 27 ni shajara za skwadroni, AIR 50 ni taarifa za mapigano, AIR 81 ni majalada ya waliokufa, kujeruhiwa au kupotea. Soma AIR 50 kwanza, kwa kuwa shajara mara nyingi iliandikwa na karani aliyebaki chini. Ramani za uharibifu za London, zilizopakwa rangi nyumba kwa nyumba, zinasaidia, ila rangi inaonyesha kiasi cha uharibifu tu: nyeusi ni nyumba iliyoteketea kabisa, iwe kwa bomu au vinginevyo. Kwa raia waliokufa, orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imepangwa kwa manispaa, hivyo Victoria itafute chini ya Westminster.

Usichimbe. Sheria ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya kila ndege ya kijeshi iliyoanguka Uingereza ikiwa kazini. Hata kukisogeza kipande bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa, na kibali hakitolewi panapodhaniwa kuna miili au mabomu. Do 17 ilibeba hadi mabomu 20 ya kilo 50, na bomu lisilolipuka haliwi salama kwa kuzeeka. Ukiona chuma cha mviringo chenye kutu, usikiguse, ondoka ulikopitia, waondoe na wengine, piga 999, namba ya dharura ya Uingereza.