Namna ya Kupima Rodsta Yenye Nguvu Iliyosanifiwa Upya

Kiwanda kinapotangaza kwamba rodsta yake kubwa imesanifiwa upya, kinachosambaa kwanza ni picha ya taa ya mbele, na kinachofuata ni idadi ya nguvu farasi. Kwa bahati mbaya, mambo hayo mawili ndiyo yenye msaada mdogo kabisa kwa mtu anayetaka kuamua kama ainunue pikipiki hiyo au abaki na aliyo nayo. Rodsta ni pikipiki ya barabarani isiyo na ganda la kukinga upepo, yenye usukani mpana na mkao wa kuinama kidogo tu, na ile ya daraja la juu mara nyingi hubeba injini iliyotokana na pikipiki za mwendo wa mashindano. Wahandisi wake hawana nafasi ya ziada ya kuchezea: wakiongeza kitu, kitu kingine hulipia. Kazi ya mnunuzi makini ni kutafuta ni kipi kilicholipia, na hapa naeleza namna ya kuifanya kazi hiyo, kuanzia kwenye karatasi ya vipimo hadi kwenye spana.

Pata karatasi za vipimo za matoleo yote mawili, la zamani na jipya, kutoka kwa kiwanda chenyewe, na uzisome kwa pamoja mstari kwa mstari. Anza na uzito, kwa sababu ndipo penye mitego mingi. Ducati Streetfighter V4 S ya mwaka 2020 ilitangazwa kuwa na kilo 178, lakini huo ulikuwa uzito mkavu. Ikiwa na vimiminika vyote na tayari kwa safari, pikipiki hiyohiyo ilikuwa na kilo 199. Tofauti ya kilo 21 ni kubwa kuliko upungufu wowote ambao usanifu mpya huleta kwa kawaida. Baadaye kiwanda hicho kilianza kutoa kipimo cha tatu, yaani pikipiki ikiwa na mafuta ya injini, maji ya kupozea na vimiminika vingine vyote, ila haina petroli. Kwa hiyo, kabla hujafurahia kwamba toleo jipya limepungua, hakikisha vipimo viwili unavyolinganisha vilichukuliwa kwa hali moja. Ikiwa kimoja hakikuhesabu petroli, ongeza takriban gramu 750 kwa kila lita ya tanki. Tanki la lita 16 ni kilo 12.

Nguvu nayo ina mtego wake mdogo. Nguvu farasi za kipimo cha Ulaya na zile za kipimo cha Uingereza hazilingani sawasawa, na watangazaji huzichanganya bila haya, kwa hiyo ni salama zaidi kulinganisha kilowati. Kilowati 132.4 ni nguvu farasi 180 kwa kipimo cha kwanza, na kati ya 177 na 178 kwa cha pili.

Sasa chukua mfano mmoja na uufanyie hesabu hadi mwisho, maana hapo ndipo usanifu huanza kujieleza wenyewe. Triumph Speed Triple RS ya mwaka 2018 ilikuwa na injini ya silinda tatu ya sentimita za ujazo 1,050, nguvu farasi 150, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm (Newton-mita) 117. Mwaka 2021 ilifuatiwa na Speed Triple 1200 RS yenye sentimita za ujazo 1,160, nguvu farasi 180, torki ya Nm 125, na uzito wa kilo 198 ikiwa tayari kwa safari, ambao ni pungufu kwa kilo 10. Ukigawanya nguvu kwa uzito, unapata ongezeko la karibu asilimia 26, na ndiyo hesabu inayopendwa na matangazo. Lakini pikipiki haiendi yenyewe. Ongeza dereva wa kilo 80 pande zote mbili, na ongezeko linashuka hadi asilimia 24. Bado ni kubwa, ila tayari umeizoea hesabu ya mtu anayepanda, si ya anayeuza.

Endelea hadi kwenye kipenyo cha silinda na urefu wa mwendo wa pistoni, mstari ambao watu wengi huuruka. Injini ya zamani ilikuwa na milimita 79 kwa 71.4, mpya ina 90 kwa 60.8. Maana yake ni kwamba hawakuipanua injini tu, bali waliibuni upya kabisa, kwa silinda pana na mwendo mfupi. Ili kuona faida yake, zidisha mwendo wa pistoni kwa mbili, uzidishe tena kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha ugawanye kwa 60, nawe utapata mwendo wa wastani wa pistoni kwa sekunde. Injini ya zamani, iliyofikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 10,500, inatoa takriban mita 25 kwa sekunde. Mpya, inayofikia kilele kwenye 10,750, inatoa chini kidogo ya mita 22. Inazunguka kwa kasi zaidi huku pistoni zake zikienda polepole zaidi, na hiyo ni kazi ya uhandisi inayostahili kuvuliwa kofia.

Je, nini kililipia? Tazama mahali kilele cha torki kilipo. Katika injini ya zamani kilikuwa kwenye mizunguko 7,150. Katika mpya kimesogea hadi 9,000. Torki imeongezeka kwa Nm 8, lakini ili uione yote inabidi uivute injini hadi mahali ambapo mtu wa kwenda kazini na kurudi hafiki mara nyingi. Hili halimaanishi kwamba injini mpya ni dhaifu chini, kwa kuwa ni kubwa kwa ujazo. Linamaanisha kwamba namba ya kilele haitoshi, na kwamba unapaswa kutafuta mchoro wa torki na kusoma sehemu iliyo kati ya mizunguko 3,000 na 6,000. Hapo ndipo utakapoishi. Ukikosa mchoro, kuna kanuni ya kukusaidia: torki kwa Nm, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati katika hatua hiyo ya injini.

Wapo wahandisi wanaokwenda njia ya kinyume, na binafsi nawaheshimu zaidi kwa rodsta. BMW ilipotoa rodsta ya S 1000 R mwaka 2014 kutokana na pikipiki yake ya mwendo wa mashindano, S 1000 RR, iliishusha injini ile kutoka nguvu farasi 193 hadi 160 ili kuiongezea torki kwenye mizunguko ya katikati. Toleo la mwaka 2017 liliongeza tano tu, zikawa 165, na usanifu wa mwaka 2021 ukaziacha hapohapo, huku pikipiki ikishuka hadi kilo 199. Anayesoma nguvu farasi peke yake angesema miaka saba imepita bure. Anayesoma karatasi nzima ataona kwamba injini yenyewe imepungua kilo 5 na kwamba fremu mpya inaitumia injini kubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo, jambo lililoruhusu sehemu ya magoti iwe nyembamba. Ukumbuke pia wakati: kanuni za moshi za Euro 5 zilianza kwa aina mpya za pikipiki tarehe 1 Januari 2020, na kwa aina zilizokuwa tayari sokoni mwaka mmoja baadaye. Injini iliyobaki na nguvu zake baada ya kubanwa na ekzosi safi zaidi imefanyiwa kazi nyingi isiyoonekana.

Kuhusu fremu, usidanganywe na mapenzi ya zamani. Ducati Monster, iliyoingia sokoni mwaka 1993, ilijulikana kwa fremu yake ya mabomba yaliyosukwa, na ilipoachwa mwaka 2021 kwa kipande kifupi cha alumini kilichofungwa kwenye injini, wapo waliolalamika kama waliofiwa. Kipande hicho kina kilo 3, pungufu kwa kilo 4.5 kuliko fremu iliyotangulia. Unaweza kuyahuzunikia mabomba yale, nami nawaelewa wanaoyahuzunikia, lakini usihesabu huzuni hiyo kuwa kasoro ya pikipiki.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni pembe ya mwinamo wa shingo ya usukani, umbali kati ya ekseli mbili, na kile kipimo kinachoonyesha jinsi mahali ambapo tairi la mbele hugusa ardhi panavyobaki nyuma ya mstari wa shingo ya usukani ukirefushwa hadi chini. Kwa rodsta nyingi kali, pembe huwa kati ya nyuzi 23 na 25, na kipimo hicho cha mwisho huwa kati ya milimita 90 na 110. Vikipungua, pikipiki hugeuka upesi na kutikisika kwa urahisi zaidi inapopita kwenye matuta kwa kasi. Vikiongezeka, hutulia lakini hukuomba nguvu zaidi mkononi. Badiliko la milimita 5 au 10 utalisikia kwenye kona ya kwanza.

Mabawa madogo ya pembeni nayo yapimwe kwa hesabu, si kwa macho. Ducati ilieleza kwamba mabawa ya Streetfighter V4 hukandamiza kwa kilo 28 kwenye kasi ya kilomita 270 kwa saa. Nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo kwenye kilomita 100 mgandamizo huo unabaki chini ya kilo 4, na kwenye kilomita 50 haufiki hata kilo moja. Kwa anayekwenda kwenye uwanja wa mashindano, yana kazi. Kwa mwingine ni pambo, na ni pambo la kwanza kuvunjika pikipiki inapoanguka.

Ukimaliza karatasi, nenda ukaikalie. Vaa viatu, glavu na koti utakalopanda nalo, kaa kwa dakika kumi nzima, wala usione haya mbele ya muuzaji. Weka miguu kwenye vikanyagio na usikilize magoti. Fumba macho, nyosha mikono mahali inapotaka kwenda yenyewe, kisha fumbua uone iko umbali gani na vishikio vya usukani. Halafu geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia: ukiona kidole gumba kinabanwa kati ya kishikio na tanki, utakumbuka usanifu huo kila unapogeuza pikipiki penye nafasi finyu. Simama ukiwa umeipanda na uisukume nyuma kwa miguu. Kiti kikipandishwa hata milimita 10 ili dereva aegemee mbele zaidi, mtu mfupi hupoteza kisigino, na pikipiki ya kilo 200 inayoegemea ncha za vidole si mzaha.

Kwenye safari ya majaribio, pinga hamu ya kuvuta mafuta yote. Kila rodsta ya daraja hili ni ya kasi mno; hilo huhitaji kulithibitisha. Jaribu badala yake mambo ya polepole. Nenda kwa gia ya pili, mizunguko 3,000, achia mafuta kabisa, kisha yafungue kidogo sana, na urudie mara kadhaa: ikiwa pikipiki inaruka badala ya kusukuma kwa upole, programu ya mafuta haijakomaa, na foleni itakuchosha. Tafuta namna ya kubadilisha hali za uendeshaji ukiwa kwenye mwendo, bila kupitia kurasa tatu za skrini. Baada ya dakika ishirini, simama na usikilize joto mapajani. Injini za V4, yaani zenye silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, zina silinda chini ya kiti, na si kwa anasa kwamba baadhi yake huzima silinda za nyuma pikipiki inaposimama.

Ukishainunua, usiihukumu kabla hujaipangia shokapu, kwa sababu kiwanda huzipanga kwa mtu wa kufikirika. Mwombe msaidizi. Inueni tairi la nyuma lisiguse chini, pimeni wima kutoka ekseli hadi alama iliyobandikwa kwa utepe chini ya mkia, mwandike kipimo. Ishusheni, panda ukiwa umevaa vyote, miguu kwenye vikanyagio, huku mtu mwingine akishika usukani, kisha pimeni tena. Tofauti ya vipimo hivyo kwa pikipiki ya barabarani kwa kawaida inafaa iwe kati ya milimita 30 na 40. Ikizidi, kaza springi, ikipungua, ilegeze. Rudieni kazi hiyo mbele kwenye foki.

Ukifika kwenye skrubu za kudhibiti mwendo wa shokapu, kwanza kaza kila moja taratibu hadi mwisho, ukihesabu milio midogo inayosikika skrubu inapozunguka, uandike idadi iliyokuwepo, kisha uirudishe palepale. Badilisha skrubu moja tu kwa wakati, milio miwili, na upite barabara ileile kwa kasi ileile kabla ya kugusa nyingine. Presha ya matairi iwe imepimwa asubuhi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki hiyo. Vinginevyo utakuwa unarekebisha shokapu kwa kosa la tairi.